Kesi ya Mkorea Kwenye Foleni ya Mafuta

Kituo kimoja cha mafuta mjini Gitega, Burundi. Pampu zimefungwa na foleni imepinda hadi njia ya Shatanya. Madereva wamekwenda kutafuta chai, na magari yamepata nafasi ya kusema. Wako wanne: Kia Stinger, saluni nyekundu iliyoshuka bandarini Dar es Salaam na kuingilia mpaka wa Kobero, BMW ya mfululizo wa 3, ya miaka ya 1990, mkazi wa Muyinga, Toyota Probox ya abiria wa Gitega–Muyinga, ambaye kwa umri na kilomita zake amepewa kiti cha mushingantahe, mzee wa haki, na Baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi, ambaye hakualikwa na mtu.

STINGER: Amahoro, mzee Probox. Shtaka langu ni fupi: nimefanya kila nililoagizwa, na bado naitwa gari rahisi lililopakwa rangi ya ghali. Niliambiwa sina sura; Kia wakamchukua Peter Schreyer, mchoraji wa Audi TT, mwaka 2006. Nikaambiwa sijui kukata kona. Mwaka 2015 Hyundai, wakubwa wa Kia, wakamleta Albert Biermann kutoka M, kitengo cha magari ya mbio cha huyuhuyu BMW, nami nikapelekwa kujifunza mbio Nürburgring, nyumbani kwa Wajerumani. Nilipoonyeshwa Detroit Januari 2017 nilikuwa na V6 ya lita 3.3, turbo mbili, nguvu za farasi 365, na kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa natumia sekunde 4.9. Binamu yangu Genesis G70, wa tawi la kifahari la Hyundai, aliyetoka mwaka huohuo, alichaguliwa na jarida la Motor Trend kuwa gari la mwaka 2019. Bei zetu zilikuwa chini ya za Mjerumani, na Ulaya dhamana yangu ilikuwa miaka saba. Malipo yake? Mwaka 2023 kiwanda kiliacha kunitengeneza, kikaniaga kwa toleo la mwisho la magari 1,000 kwa dunia nzima. Naomba hukumu: nimekosa nini ambacho huyu mzee anacho?

BMW: Umekosa ukoo, kijana. Mfululizo wa 3 ulianza 1975, M3 ikafuata 1986. Mwaka huohuo wa 1986 wakubwa zako wa Hyundai waliingia Marekani na Excel ya dola 4,995. Watu walinunua zaidi ya 160,000 ndani ya mwaka mmoja, kisha wakatumia miaka mingi kuitungia vichekesho. Kumwajiri fundi wangu hakukufanyi kuwa mwanangu. Mimi nilikaa juu ya mawe Muyinga misimu miwili ya kahawa, bila hata gurudumu moja, na kila mtoto aliyepita alinitaja kwa jina. Wewe unapita mzima, taa zinawaka, na watu wanaulizana: hii ni Toyota gani?

PROBOX: Kabla hatujafika kwa Stinger, tumalizane na habari ya ukoo. Mzee BMW, unauanzia 1975 kwa sababu ukirudi nyuma kidogo tutacheka sote. Mwaka 1955 mlianza kutengeneza Isetta, kigari cha kubuniwa Italia chenye mlango mmoja, na mlango wenyewe uko mbele, puani. Desemba 1959 wenye hisa walikutana kuzungumzia kuwakabidhi kwa Daimler-Benz. Mliokolewa na fedha za tajiri Quandt, na saluni ya 1500 iliyoingia kiwandani 1962 ndiyo iliyoanza kuwapa heshima mnayoiita ya kuzaliwa. Hata sisi Toyota tulikwenda Marekani 1957 na Crown; kwenye barabara zao za kasi ilihema hadi tukaiondoa kwa aibu. Lexus LS 400 ikatoka 1989, miaka 32 baadaye. Kutoka Excel ya 1986 hadi Genesis kuwa jina la kujitegemea 2015 ni miaka 29. Kwa kipimo hicho Mkorea hajachelewa hata kidogo. Hoja ya damu naitupa nje.

STINGER: Basi nimeshinda!

PROBOX: Ngoja. Hoja ya sekunde 4.9 naitupa nayo. Angalia nchi uliyomo. Burundi tunaendesha kulia, kama Korea Kusini. Usukani wako uko mahali barabara inapoutaka. Mimi nimekuja na usukani wa Kijapani, na nikitaka kulipita lori mlimani, abiria wa mbele kushoto ndiye anayechungulia na kuniambia kama tutaishi. Kwa akili ya kawaida nchi hii ilipaswa kujaa Wakorea, kama Kigali, walikokataa kuingiza magari ya usukani wa kulia mwaka 2005 na ambako akina Santa Fe na Sportage wanapishana kila kona. Hapa, ambako mnunuzi aliachiwa kuchagua, tumejaa akina Probox na Carina. Sababu ni kwamba katika gereji yoyote kati ya hapa na Muyinga pedi zangu za breki ziko kwenye kopo chini ya meza, na kijana aliyeanza ufundi juzi ananifungua gizani. Gari linalofaa zaidi barabara limeshindwa na gari linalojulikana. Kama ubora haukutosha kuamua jambo kama usukani, ambalo ni la kufa na kupona, nusu sekunde ya mbio itaamua nini?

BAISKELI: Samahani wakubwa zangu, mimi ni wa ndizi tu, lakini hapo pana shimo. Mnunuzi wa saluni ya anasa haulizi pedi za breki. Anataka jirani amwone. Mwenye Stinger huyu alimleta atambe naye mjini. Akauona mlima wa udongo unaokwenda nyumbani kwake, akalitazama tumbo la gari lililo sentimita 13 kutoka ardhini, akarudi kwenye Land Cruiser ya ofisi. Spea haikumjia akilini hata mara moja. Vipi basi bei ya pedi Muyinga iamue anasa ya Munich, kwao BMW?

PROBOX: Swali zuri, na jibu lake ndilo kesi yenyewe. Ulaya na Marekani wengi wanaoendesha saluni za namna hii hawazinunui. Wanazikodi kwa miaka miwili mitatu. Kampuni ya kukodisha inapiga hesabu moja: gari likirudi, tutaliuza kwa kiasi gani? Tofauti ya bei mpya na bei hiyo, pamoja na riba, ndiyo anayolipa bwana mkubwa kila mwezi. Gari likitarajiwa kuporomoka, malipo yanapanda hata kama bei ya dukani ni nafuu. Hapo ndipo unafuu wako ulipoliwa, Stinger. Na anayenunua gari la miaka mitatu naye anamfikiria atakayemuuzia, na huyo anamfikiria mwingine, hadi msururu umfikie mfanyabiashara wa Dubai, bandari ya Dar es Salaam, mpaka wa Kobero, na mwisho fundi aliyelala chini ya gari Muyinga. Anasa ya mnunuzi wa kwanza imesimama juu ya mabega ya mnunuzi wa tatu, mtu ambaye tangazo la televisheni halimjui. Mhandisi anatengeneza mwendo. Heshima inatengenezwa na mtu wa tatu.

BMW: Mushingantahe, hapo umejifunga mwenyewe. Mimi spea zangu zinamliza mwenyewe, kompyuta yangu haina wa kuisoma, mafundi wananilaani kwa lugha tatu. Kama mnunuzi wa tatu ndiye hakimu, ningekuwa nimefukuzwa zamani.

PROBOX: Unalaaniwa, ndiyo, lakini unalaaniwa kwa ujuzi. Kila fundi anajua kwamba mfumo wako wa kupoza injini utaanza kuvuja, anajua uvujaji utaanzia wapi, na anajua ni BMW gani iliyokufa ya kung'oa kifaa. Ugonjwa unaojulikana una bei. Afya isiyojulikana haina. Ndiyo maana bei yako huanguka kwa kishindo lakini huangukia mikononi mwa watu, na ya Stinger huangukia hewani. Ila usijipige kifua. Heshima hiyo waliiweka wakubwa zako, wewe unaitumia tu. Ukiendelea kuongeza vifaa ambavyo kijana wa Muyinga hawezi kuvifungua, siku moja msururu utakatikia kwako, na mwenye suti atashangaa kwa nini malipo ya mwezi yamepanda.

STINGER: Nisikilizeni mara ya mwisho. Mimi nimeshafungwa, lakini ndugu zangu wa umeme hawana deni la zamani. Ioniq 5 ilichaguliwa gari la mwaka la dunia 2022, Ioniq 6 mwaka 2023, EV9 yetu ya Kia mwaka 2024. Kwenye umeme wote tumeanza darasa la kwanza pamoja. Turbo na mabomba ya Mjerumani ni hadithi za wazee. Na hapa kwenu, ambako dola za kahawa na chai hazitoshi kuagiza petroli, umeme wa maporomoko ya Rusumo upo: megawati 80 za Burundi, Rwanda na Tanzania, na laini yake inafika hapahapa Gitega.

PROBOX: Hiyo ndiyo hoja yako bora leo, na nusu yake naikubali. Umeme umefuta faida ya Mjerumani kwenye injini, na tuzo tatu mfululizo hazipatikani kwa bahati. Lakini haujamfuta mnunuzi wa tatu. Umemtia hofu mpya. Zamani aliogopa injini, ambayo angalau ingeweza kufunguliwa. Sasa anaogopa betri, ambayo peke yake inaweza kuwa ghali kuliko gari lote siku atakayolinunua, na hana wa kumwambia imebaki na uhai gani. Anayetaka kumshinda Mjerumani asitafute sekunde nyingine. Atafute namna ya kumwonyesha mtu wa Muyinga afya ya betri yenye miaka 12, amwekee spea Kobero, na amfundishe fundi wake. Mkorea wa kwanza kufanya hivyo atakuwa amepunguza malipo ya mwezi ya tajiri wa Munich bila kuigusa bei ya gari.

BMW: Yaani heshima ya kasi iamuliwe na watu wasioendesha kasi?

PROBOX: Ni kama cheo hiki changu. Mushingantahe hajiteui, na baba yake hamwachii kiti kwa urithi. Majirani wanamtazama kwa miaka, anavyolipa deni, anavyonyamaza, anavyoamua ugomvi usiomhusu. Kisha wao ndio wanaomsimamisha mbele ya watu na kumpa fimbo. Hukumu yangu ni hii. Je, Wakorea wanaweza kushindana na saluni za mbio za kifahari? Uwanjani wameshaweza, Stinger na G70 ni ushahidi, na BMW asibishe. Sokoni bado, kwa sababu walileta mtahiniwa, wakamwona hasifiwi haraka, wakamwondoa mwaka wa sita. Kosa lao ni kukatisha kipindi cha kutazamwa. Genesis akibaki barabarani miaka ishirini, hata kwa hasara, atapewa fimbo. Akiondolewa, Excel itakumbukwa kuliko yeye.

STINGER: Na mimi nikate rufaa wapi?

PROBOX: Kwa mnunuzi wako wa tatu. Yuko hapo nyuma, amemshika Baiskeli.

BAISKELI: Kweli bosi wangu anakutazama tangu asubuhi. Hajauliza farasi wala sekunde. Ameuliza plagi moja ni bei gani, na kama ya Probox inaingia.