Muulize Mjomba: Gari Linalolia Kila Likikata Kona

*Mjomba, shikamoo. Nina Toyota Corolla niliyonunua kwa pesa za korosho za msimu wa 2017. Siku hizi kila nikikata kona ya kulia hapa Newala, mguu wa mbele unalia ka-ka-ka-ka. Fundi wa kwanza kasema shokapu, wa pili kasema beringi, wa tatu kasema tubadilishe vyote. Nifanyeje?*
*Mwenye Korola, Newala*

Marahaba, mpwa wangu. Msimu ule naukumbuka. Kilo ilikaribia shilingi 4,000, na kila mwenye mikorosho mitano akaanza kuulizia leseni ya udereva. Msimu uliofuata wanunuzi wakagomea bei, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300, wanajeshi wakaja kubeba magunia. Nadhani tangu hapo gari lako limekuwa likiahidiwa matengenezo "malipo yakitoka".

Mafundi watatu wamekutajia spea, hakuna aliyekuuliza linalia wakati gani. Basi nauliza mimi. Linalia likiwa limesimama, ukizungusha usukani tu? Linalia likipita kwenye shimo? Au ni pale unapokunja kona huku umekanyaga mafuta? Tafuta uwanja mtupu asubuhi, shusha vioo, zima redio (najua, singeli ndiyo imekoleza, lakini zima). Kunja usukani hadi mwisho, zunguka polepole, ongeza mafuta kidogo. Halafu zunguka upande wa pili. Ikiwa ka-ka-ka inakwenda mbio kadiri gari linavyokwenda mbio, na ukiachia mafuta inafifia, hiyo ni jointi ya sivii, ile ya nje, iliyo mwisho wa shafti karibu na gurudumu. Beringi halihesabu hivyo. Lenyewe huvuma mfululizo, na mvumo hupanda na mwendo hata barabara ikiwa imenyooka.

Korola yako inavutwa na miguu ya mbele. Gurudumu lilelile lipokee nguvu ya injini, na papo hapo ligeuke kushoto na kulia. Kazi hiyo ngumu zimepewa gololi sita za chuma, zinazotembea kwenye mifereji yake ndani ya grisi, na juu yake pamevalishwa raba. Mini ya Waingereza ya 1959 ilitumia jointi za namna hiyo, na leo karibu kila kigari kinachopanda huku juu kinazo. Adui wa jointi hizo ni mchanga, na sisi wa uwanda wa Makonde hatujawahi kupungukiwa mchanga. Raba ikichanika, grisi inarushwa nje, mchanga unaingia, gololi zinasaga mifereji. Chungulia nyuma ya gurudumu: ukiona grisi imetapakaa upande wa ndani wa rimu, huna haja ya fundi wa nne.

Ungeiwahi raba ikiwa imechanika jana tu, ungelipia raba na grisi. Ikishaanza kulia inataka jointi nzima, kwa sababu grisi mpya hairudishi chuma kilicholika. Atakayekushauri upake grisi "usogeze siku" anasogeza siku zake yeye. Na usingoje chama cha ushirika, AMCOS, kilipe. Jointi ikikatika njiani, injini itanguruma vizuri kabisa na gari halitasogea hata hatua moja.

*Mjomba, Hiace yangu inagonga mbele nikiingia stendi ya Masasi. Nimeshanunua sivii mbili, nianze na upande upi?*
*Dereva, Masasi*

Anza na upande wa dukani, ukazirudishe. Hiace ya kawaida inasukumwa na miguu ya nyuma; huko mbele hakuna shafti ya kuzivalisha. Kisha inua mguu wa mbele kwa jeki, weka na stendi ya chuma, maana jeki peke yake imeua watu. Shika tairi juu na chini, utikise. Halafu kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, shuku boljointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia, shuku tairodi. Boljointi ikichomoka gurudumu linalala ubavu na usukani hauna tena wa kumwongoza. Usipakie abiria kabla ya kukagua, na mteremko wa kutoka Newala usiufikirie kabisa.

*Mjomba, shikamoo. Mimi ni mke wa huyo wa Korola. Kutoka kazini kwake hadi nyumbani kwetu hakuna kona ya kulia hata moja. Hiyo ka-ka-ka naisikia saa tano usiku, upande wa mtaa wa pili. Nakuomba usimwambie dawa.*
*Mke, Newala*

Marahaba, mpwa. Barua yako imechelewa, dawa nimeshaimwaga hapo juu. Na hata ingewahi, nisingeificha: gari hilo ndilo linalowapeleka watoto hospitali.

Ila sheria ya gereji inaniruhusu kitu kimoja. Gari lililotoka kubadilishwa jointi lazima lijaribiwe barabarani, na anayejua mlio ulikuwa wapi ndiye anayetakiwa kukaa kiti cha mbele. Panda wewe. Fundi akiuliza tupite njia gani, mwambie akate kulia.

Yatakayofuata huko si ya spana. Mpelekee mjomba wako wa damu, yule aliyekaa mkekani siku ya mahari. Mimi ni wa magari tu.