Sifa za Punda Aliyelala Njiani

Ndugu zangu wa Nsemulwa, kabla hamjamcharaza tena, nisikilizeni. Punda huyu aliyejilaza katikati ya njia na magunia yake ya mahindi ana ukoo uliotajwa kwenye Maandiko. Binamu zake wenye milia, kule Hifadhi ya Katavi, watalii hulipa kuwatazama, na kazi yao ni kula majani na kukimbia simba. Huyu hupeleka mahindi mashineni, akarudi na unga asioula, halafu tunasema shukrani yake ni mateke. Shukrani ya nini hasa?

Katika vitabu vya Musa wanyama waliosema ni wawili. Nyoka alisema, akadanganya. Mwingine ni punda jike wa Balaamu, mwaguzi wa kukodiwa. Alimwona malaika mwenye upanga mahali ambapo mwaguzi mwenyewe hakuona kitu. Akakwepa shambani, akapigwa. Akajibana ukutani hadi akaubana mguu wa bwana wake, akapigwa. Akalala chini, akapigwa mara ya tatu. Ndipo alipofunguliwa kinywa, wala hakutukana. Aliuliza tu kosa lake. Punda kusema si ajabu sana. Ajabu ni Balaamu kumjibu, wakabishana kama abiria na konda.

Sauli alitoka kutafuta punda wa baba yake, akarudi amepakwa mafuta ya ufalme. Yesu aliingia Yerusalemu juu ya mwana-punda, tena wa kuazima. (Punda wa Krismasi hayumo, Luka hamtaji, ni watu wa baadaye waliomwingiza zizini.)

Hata akifa hapumziki. Samsoni aliua watu elfu kwa taya lake, sifa akachukua Samsoni. Samaria ilipozingirwa, kichwa kimoja cha punda kilifika vipande 80 vya fedha. Akiwa hai fimbo, akifa ana bei. Mpaka Tanzania ikapiga marufuku kumchinja mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana hivyo hivyo huko Addis Ababa, kwa kuwa China ngozi yake huchemshwa ikawa dawa, ejiao.

Haya, turudi kwa huyu wetu. Mwenyewe ameshamcharaza mara mbili, bodaboda zinapiga honi. Mimi nimeshuka kwenye baiskeli, nimeiegemeza kwenye mwembe. Nasubiri ya tatu.