Natafuta Kilomita

Jirani, wewe mwenye gari la mtumba piga magoti ushukuru. Gari la mtumba limeshafundwa na mwenzako huko Japani. Unalichukua bandarini, unatia mafuta, unaondoka. Likikohoa, limekohoa. Likitoa moshi, ndiyo umri. Hakuna anayekupa masharti. Mimi mwenzako nimejitia kimbelembele nikanunua jipya. Jipya la dukani, viti bado vimevaa nailoni. Tena ndinga ya mbio, milango miwili, mkia juu, Toyota GR86. Zaidi ya euro 30,000, mkopo wa benki, nitaulipa mpaka mtoto wangu wa mwisho aote ndevu. Halafu nakabidhiwa ufunguo na kitabu, na kitabu kinasema nisilikimbize.

Nisilikimbize! Sasa nimelinunua nilifukize udi?

Naishi Köln, huku Ujerumani. Usiku napakia maboksi ghalani, mchana nalala, jioni natazama video za magari. Kutoka Köln ukikata kusini kwa saa moja na kitu unaingia milima ya Eifel, na huko ndiko iliko Nürburgring. Ile barabara yake ya zamani, Nordschleife, ilifunguliwa 1927. Karibu kilomita 21 za kupinda, kupanda na kuporomoka katikati ya msitu. Jackie Stewart, bingwa wa dunia mara tatu, aliibatiza Jehanamu ya Kijani. Niki Lauda aliungua humo 1976, nusura afe. Mtu mwenye akili akisikia hayo anachemsha chai anakaa kwake. Wajerumani wao wameweka geti na tiketi. Siku za raia wa kawaida unalipa, kizuizi kinainuka, unaingia na gari lako lenye namba za barabarani, liwe Porsche, liwe la kupelekea watoto shule. Ukivunja vyuma vya pembeni unaletewa bili ya vyuma. Nilipoyajua hayo nikaona hapa ndipo pangu. Sijui kwa nini niliona hivyo. Mama watoto naye hajui, ananiuliza mpaka leo.

Basi. Siku ya kwanza nikafungua boneti uani majirani waone. Shemeji yangu, ambaye anajua kila kitu na hana hata baiskeli, akachungulia akacheka. "Hii si injini ya Toyota. Hii ni Subaru." Nikamkatalia. Akanionyesha kwenye simu. Kweli bwana! Lita 2.4, pistoni nne zimelala ubavu, mbili huku mbili kule, zinarushiana ngumi. Farasi 234. Gari lenyewe linaundwa kiwandani kwa Subaru, Gunma, pamoja na pacha wake BRZ. Nimelipia Toyota nina Subaru, na mimi mwenye mali ndiye wa mwisho kuambiwa. Nikajipoza kwamba kuna vijana Nairobi wangelala chini ya boneti hiyo.

Turudi kwenye masharti. Subaru wanasema kilomita 1,600 za kwanza usipeleke injini zaidi ya mizunguko 4,000 kwa dakika. Usikanyage mafuta ghafla. Usifunge breki kwa nguvu kama hakuna dharura. Na usiende mwendo mmoja muda mrefu. Hebu sikia hilo la mwisho. Yaani usikimbie, halafu hata huo mwendo wa pole usiuzoee. Injini hii nguvu zake zote ziko kwenye mzunguko wa 7,000. Mimi nimeruhusiwa nusu na kitu. Nimelipa nzima!

Nikampigia mjomba Morogoro. Mjomba ameendesha malori mpaka kastaafu, mguu wa klachi unamuuma mvua ikikaribia. Nikamuuliza injini mpya inataka nini. Akasema injini ikishushwa, ikawekwa ringi mpya, unaenda Dodoma unarudi, themanini, usizidi.

"Mjomba, hii haijashushwa. Ni mpya."

"Mpya si ndiyo mbaya zaidi! Ringi na silinda hazijajuana."

Akanieleza taratibu, kama anamweleza utingo. Ukuta wa silinda mpya una mikwaruzo midogo ya makusudi, ya kushika oili. Ringi inabidi zisuguane nao mpaka zikae sawasawa, moshi usipenye chini na oili isipande juu. Ukikimbiza mapema, zinapata moto zinachubuana. Ukibembeleza mno, mlipuko haupati nguvu ya kuzikandamiza ukutani, hazikai, na gari litakunywa oili maisha yake yote. Meno ya gia nayo yanazoeana. Difu nayo.

"Kwa hiyo nikanyage au nisikanyage?"

"Kanyaga kwa heshima." Akakata simu.

Jirani, kanyaga kwa heshima kwenye barabara kuu ya A3 ndipo utawajua Wajerumani. Kuna vipande havina kikomo cha mwendo kabisa. Watu wanakopa hela benki kwa ajili ya vipande hivyo. Mimi niko njia ya kulia na themanini za mjomba. Napanda mia, nashuka sabini, napanda tisini, maana nimekatazwa mwendo mmoja. Aliye nyuma anadhani nimelewa. Lori la Poland likanipita. Dereva akanitazama kutoka juu, akautazama ule mkia, akatikisa kichwa. Bibi kizee anayekokota karavani akanipita, na karavani lenyewe lina mapazia na vyungu vya maua. Na sambamba na A3 ndiko inakopita reli ya treni ya kasi ya Frankfurt, ile iliyofunguliwa 2002. Treni inapiga 300 kwa saa. Nasikia vuuum, nageuka, haipo. Watu mle ndani wanakunywa kahawa na haimwagiki.

Halafu kilomita hazipandi! Ghala liko mtaa wa pili, kazini naenda kwa miguu. Nikawa nalitoa gari jioni nazunguka bila safari, nachoma petroli ya bei ya Ulaya. Mama watoto akanivumilia, akanivumilia, mwisho akanimaliza. Akaandika kwenye grupu letu la wasapu, la Waswahili wa Köln na Bonn: "Baba Zuwena anatafuta kilomita. Mwenye safari aseme."

Sijawahi kupendwa vile. Sisi huku hatuna idadi kubwa lakini si haba, Deutsche Welle ya Kiswahili yenyewe iko Bonn hapo, na kila mmoja ana shangazi anayekuja au mjomba anayeondoka. Uwanja wa ndege wa Frankfurt uko karibu kilomita 180. Kwenda na kurudi, bure, na ukisema umechoka unaambiwa, "Si unazitaka?" Nimepeleka watu ubatizo Düsseldorf. Nimepeleka sufuria la pilau ya harusi Bonn, limekaa kiti cha mbele, limefungwa mkanda. Kuna mtu amehamia nyumba mpya kwa gari langu! Gari la mbio, jirani, lenye viti vya nyuma ambavyo mtoto akikaa magoti yanagusa kidevu, limehamisha kitanda cha watu.

Lakini kilichonikata maini ni mama mdogo. Mama mdogo wa mke wangu, yaani mkwe, na mkwe hata kukohoa mbele yake unaomba ruhusa. Ametua alfajiri na masanduku mawili ya kilo 23, yamezungushiwa nailoni mpaka yanang'aa, na kapu la mkononi ambalo sijui lilipitaje. Buti la GR86 ni lita 226. Toyota wanasema ukilaza kiti cha nyuma unaingiza matairi manne ya kwendea uwanja wa mbio. Sawa, lakini tairi halina vipini. Sanduku la kwanza likaingia kwa goti. La pili likafika nusu likagoma. Nikalitoa, nikaligeuza, nikalilaza ubavu, jasho linanitoka kwenye baridi, teksi nyuma zinapiga honi. Mama mdogo kasimama na kitenge chake anatazama. Akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hukupata lenye milango?"

Tukaondoka. Sanduku limekisukuma kiti changu mbele mpaka kifua kimegusa usukani. Kapu kalipakata mwenyewe. Humo mna nazi, dagaa wa Kigoma na unga wa muhogo.

Na siku hiyo hiyo nilikuwa na kazi ya breki. Unajua, pedi za kawaida ukizipeleka uwanjani zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, pedali inalainika, mguu unazama, na kona iko palepale inakungoja. Kwa hiyo nilikuwa nimefunga pedi za mbio na mafuta ya breki yasiyochemka upesi. Kumbe pedi mpya nazo zina masharti! Unatafuta barabara tupu, unafika mia, unafunga breki kwa nguvu mpaka ishirini, husimami, unakanyaga tena mafuta, unarudia, mpaka diski ipakwe tabaka jembamba la pedi, sawasawa pande zote. Ukisimama na mguu juu ya breki wakati diski ni ya moto, pedi inaacha doa palepale, na kuanzia hapo kila ukifunga breki usukani unatetemeka. Ukimaliza unatembea pole mpaka zipoe. Sasa asubuhi ile tumeshaiacha A3, mashamba kulia, mashamba kushoto, hakuna gari. Nikasema niunganishe.

"Mama, nazizoesha breki kidogo."

Mia. Breki. Ishirini. Kilemba kikamshuka machoni. Mia. Breki. Dagaa wakatoka kapuni. Mia. Breki. Harufu ya pedi ikapanda, kali, ya kuungua, ikakutana na ya dagaa humo ndani na vioo vimefungwa. Mama mdogo kashika mlango kwa mikono miwili, yuko katikati ya Yasini. Ukingoni mwa barabara mzee mmoja na mbwa wake wamesimama wanatutazama tunavyochupa. Mzee akatoa simu. Nilitamani kusimama nimweleze, lakini kusimama ndiko kulikokatazwa.

Jioni habari ilikuwa imeshafika Tanga: mkwe wao wa Ulaya yuko mafunzoni, kuendesha bado. Usiku mjomba akanipigia kutoka Morogoro, na hao watu wala hajuani nao. "Nasikia breki zinakushinda."

Zenyewe pedi za mbio zikiwa baridi zinalia. Kila taa nyekundu mjini mlio mwembamba, mrefu, watu wanaziba masikio. Wanageuka kuona mkweche gani unakuja, wanaona jipya linang'aa. Nazuga natafuta kitu kwenye dashibodi.

Elfu moja na mia sita ikafika, sijui nikiwa na safari ya nani. Nikamwaga oili. Wanaokwenda uwanjani wengi wanaimwaga mapema hivyo hata kama siku yake haijafika, kwa sababu ya mabaki ya chuma. Fundi akanionyesha ile ya zamani kwenye beseni, akaimulika na tochi. Inameta. Vumbi la chuma changu, la mkopo. Nikapewa bili, nikanyuti.

Lakini nayo safari ya Frankfurt haikukoma, na mbili tatu za Düsseldorf, na msiba mmoja Bonn. Tunafika Eifel ni Novemba, msimu uko ukingoni, majani yamelowa barabarani, na matairi yangu ni ya kiangazi, baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 yanakuwa magumu. Shemeji kajipa cheo cha mwalimu, kakaa kiti cha kushoto ananielekeza. Nikamkumbusha kwamba huku usukani uko kushoto. Akahamia kulia akaendelea kunielekeza.

Kizuizi kikainuka. Sheria ya humo ni kupita kushoto tu, na mwenye pole abaki kulia. Nikawasha indiketa ya kulia mapema ili nisimkere mtu. Sikuizima mpaka mwisho. Nikapitwa na Porsche, hilo sina neno. Nikapitwa na BMW tatu zinafuatana. Nikapitwa na gari la familia lenye viti vya watoto nyuma na sanduku juu ya paa, na dereva wake kanyoosha mkono kunishukuru kwa kumpisha. Kufika Karussell, ile kona ya zege iliyoinama, gari zima linatikisika, kitu kikabingirika kutoka nyuma, kikapita chini ya kiti cha shemeji, kikagota kwenye kisigino changu. Nazi ya mama mdogo. Shemeji akainama kuitafuta, tukatoka kwenye kona kichwa chake kiko magotini kwangu, na walioko nje wanapiga picha.

Mizunguko 7,000 sikuiona. Nataka kukanyaga, mguu hautaki. Ukifika elfu nne unajiondoa wenyewe. Nimeubembeleza, nimeutukana, haujali. Una heshima za mjomba.

Sasa uwanja umefungiwa raia mpaka msimu ujao. Kwa hiyo nawaomba wanagrupu wote, kilomita nimepata, zimetosha. Treni ya kasi kutoka Köln mpaka uwanja wa ndege wa Frankfurt ni saa moja hivi, na masanduku yana pa kukaa. Na yule aliyeuliza jana kama friji inaingia: haiingii, nimeshapima.