Jinsi ya Kubatiza Bati

Mtoto akiitwa jina moja kwa baba, jingine kwa bibi na la tatu shuleni, siku ya kuandikishwa atahesabiwa watoto watatu. Bati nalo ni hivyo hivyo.

Nimeyaona Shelui, chini ya mteremko wa Sekenke, pale malori ya Singida kwenda Nzega yanapopoza breki. Nilichora jengo la madarasa mawili na ofisi katikati. Kila darasa lilikuwa na faili lake, ofisi faili lake, na yote nikayaunganisha ndani ya faili la kiwanja. Kwenye kioo cha kompyuta paa lilikuwa bluu moja, hata mshono huoni. Lakini kwenye orodha ya vifaa ilitokea mistari mitatu: “Bati G28”, 74, “bati geji 28”, 90, “Bati_28 bluu”, 16. Mnunuzi akaushika mstari wenye namba kubwa, akaleta mabati 90. Paa lilihitaji 180. Mafundi walifika nusu, wakakaa juu ya kenchi miguu inaning'inia, na mawingu yakijikusanya upande wa Wembere.

Tangu siku hiyo, kila nyenzo inayoingia kwenye ramani zangu hupitia masharti sita. Nakukabidhi yote.

1. Teua mzee mmoja wa kutoa majina. Kila ukoo una anayesema mtoto ataitwa nani, na akishasema, imekwisha. Katika ramani, mzee huyo ni faili la kiolezo. Tofali, zege, bati, mbao na plasta huzaliwa humo tu, na kila faili jipya huanzia humo. Anayetaka nyenzo mpya apige hodi kwa mzee, asijifungulie vichakani.

2. Jina liseme kitu, ukubwa na daraja, kwa mpangilio uleule. “Tofali-Saruji-150”. “Bati-Geji28-Bluu”. Kompyuta haina ujirani: kwake “G28” na “geji 28” hawajuani hata kwa salamu. Majina kama “Tofali jipya” na “Tofali jipya la mwisho” yapige marufuku, maana kesho litakuja jipya zaidi. Na usiandike “inchi 6” huku na “150” kule. Inchi 6 ni milimita 152.4, na hizo milimita mbili na ushee zitakusumbua kwenye kila kona ya ukuta.

3. Ukishalijua jina, fungua na tumbo. Majina yanaweza kufanana na tabia zikapishana. Chukua tofali lenye uso wa milimita 450 kwa 225: mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama matofali 10. Lenye uso wa 400 kwa 200 linakwenda 12.5. Kwa ukuta wa mita za mraba 200, huyu anasema 2,000, yule 2,500. Mafaili mawili yakibeba jina moja na vipimo viwili, tofauti ni matofali 500, na kila moja limefyatuliwa na mtu jua la utosi. Kagua unene, idadi kwa mita, rangi na alama ya mchoro, faili kwa faili.

4. Ijue tabia ya programu yako kama unavyomjua mkweo. Katika Revit, faili lililounganishwa hubaki na nyenzo zake. Ukibadili bati kwenye faili la kiwanja, bati la darasani halijasikia kitu. Nenda ukalibadili kwake. Katika Archicad, kila sifa ina jina na namba, kwa hiyo ukihamisha sifa kwa kufuata namba, hakikisha kwanza namba hiyo ni ya kitu kilekile pande zote mbili. La sivyo zege linaamka asubuhi likiwa mbao. Katika AutoCAD, leya iliyokuja na faili lililounganishwa hutangulizwa jina la faili lake na kistari cha wima, ili ujue mgeni ametoka nyumba gani. Usiidharau alama hiyo.

5. Paka waridi. Hili nalipenda kuliko yote. Kwenye kiolezo, lipake tofali rangi ya waridi, ile ya kuumiza macho. Hamishia sifa hiyo kwenye mafaili yote, yapakie upya, kisha litazame jengo. Ukuta wowote uliobaki wa kijivu una tofali la kuokota. Mtafute, mpe jina la ukoo, ndipo urudishe rangi. Ni dakika tano, na hakuna hotuba inayolishinda zoezi hili kwa kumwelewesha kijana anayejifunza kuchora.

6. Isome orodha kwa sauti, fundi akisikiliza. Ipange kwa alfabeti. Mapacha watakaa jirani. Fundi akiuliza, “Hili na hili si ndilo lile lile?”, acha kila kitu urekebishe. Ndiye atakayekaa juu ya kenchi.

Haya si mambo ya Shelui peke yake. Mwaka 2021 Tanzania ilianza kujenga madarasa 15,000 kwa fedha zilizotoka kwenye shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na UVIKO-19. Ramani moja ikirudiwa kiasi hicho, kosa la jina moja nalo hurudiwa.

Nikitaka kuwakumbusha vijana uzito wake, huwaelekeza macho kule Sekenke, kwenye mgodi wa dhahabu. Dhahabu ya mgodi ule Wajerumani waliipeleka Tabora mwaka 1916, katikati ya vita, ikapigwa kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu ileile, thamani ileile, mwaka uleule. Ila mihuri haikuwa sawasawa: pambo dogo ukingoni lilipishana, basi. Zaidi ya miaka 100 imepita, na wakusanyaji wa sarafu bado wanazihesabu kuwa aina mbili.

Kwa hiyo, kabla hujabonyeza kitufe cha kuunganisha, uangalie muhuri wako.