Mhadhara Mkuu wa Elimuhatua: Kudumu katika Matembezi ya Kila Siku kwenye Njia za Usambara

Matembezi ya kila siku, kwa maana inayokubalika katika taaluma ya Elimuhatua, ambayo mwasisi wake na bingwa wake pekee hadi sasa ndiye mtoaji wa mhadhara huu, ni tendo la mtu mzima mwenye akili timamu kuondoka nyumbani kwa miguu bila kudaiwa, bila kukimbizwa na bila kutumwa dukani, akafuata njia yenye mandhari ya kupendeza, akarudi salama, na kesho yake akalirudia tendo hilo hilo kwa hiari. Kuondoka, kufuata njia na kurudi havijawahi kumshinda mtu yeyote; ni hiyo kesho yake ndiyo iliyowaangusha mashujaa, na ndiyo iliyomlazimu Bingwa kuacha shughuli nyingine zote, kutembea kukiwamo, ili apate wasaa wa kuitafakari.

Maabara iliyoteuliwa kwa kazi hii ni Lushoto, mji wa Usambara Magharibi ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako hewa ya baridi imemnyang'anya mkazi kisingizio cha jua kali, kisingizio ambacho watu wa Tanga na Dar es Salaam wamekitumia kwa ufanisi vizazi na vizazi. Kutoka mjini hapo hadi ukingo wa Irente ni mwendo wa kilomita 5 au 6 kati ya migomba na vitalu vya mboga, na anayefika huko huona tambarare ya Mazinde imelala kiasi cha mita 1,000 chini ya vidole vya miguu yake. Anayeelekea upande wa pili hukutana na msitu wa Magamba, wenye ukungu wa asubuhi na mbega wanaomtazama mpita njia kwa dharau isiyofichika. Uzuri, basi, haukosekani. Jambo hili linasisitizwa kwa sababu wanagenzi wa fani hudhani kwamba uzuri wa njia ndio unaomtoa mtu kitandani, ilhali utafiti wa kina, uliofanywa na Bingwa kwa kutazama dirishani, umebaini kuwa uzuri humtoa mtu mara ya kwanza, kisha humtoa tena siku anapokuwa na mgeni wa kumwonyesha.

Kihistoria, mtembezi mkuu wa milima hii ni Mbega, yule mwindaji wa nguruwe kutoka Ngulu ambaye, kama inavyosimuliwa katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, alizunguka na mbwa wake mlima hadi mlima mpaka akaishia kutawazwa Vuga. Inasikitisha kwamba mwandishi huyo, aliyetoa nasaba na vita kwa wingi, hakutaja hata mara moja idadi ya hatua ambazo Mbega alipiga kwa siku, pengo ambalo Bingwa analihesabu miongoni mwa hasara kubwa za fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo, mwenye jicho la kitaalamu ataona kwamba Mbega alikuwa na vitu viwili ambavyo watembezi wa leo hawana: sababu ya kutoka, yaani nguruwe, na mwenza asiyepokea udhuru, yaani mbwa, kiumbe ambaye hajawahi kukubali kuambiwa kwamba safari imesogezwa hadi wiki ijayo.

Kuhusu idadi, umma umepotoshwa. Zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali kana kwamba zilishuka pamoja na amri kumi zilienezwa Japani mwaka 1965, wakati joto la Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964 lilikuwa bado halijapoa, na kampuni iliyokuwa ikiuza kifaa cha kuhesabia hatua. Namba hiyo ilipendwa kwa sababu ni nzima na inakaa vizuri mdomoni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha. Bingwa haupendi mwongozo huo, kwani dakika 150 zikigawanywa kwa siku 7 hubaki dakika 21 na ushei, muda mfupi mno kuliko utangulizi wa mhadhara wowote aliowahi kuutoa. Wala hakufurahishwa na watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliochapisha mwaka 2010 kwamba tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, kwa wengine 18 na kwa wengine hadi 254, na kwamba kuikosa siku moja hakubomoi kilichojengwa. Elimu ya namna hii, ikiachwa isambae, itawaondolea watu hofu, na mtaalamu atakosa wateja.

Sasa ndipo inapofikiwa nadharia yenyewe. Elimuhatua inafundisha kwamba matembezi hayafi njiani. Hufia katika Ukanda wa Kitasa, yaani eneo lililo kati ya kitanda na kitasa cha mlango, ambalo kwa nyumba nyingi za Lushoto halizidi mita 8 lakini limemeza watu wengi kuliko mabonde yote ya Usambara. Humo huishi magonjwa kadhaa. La kawaida ni ujumatatu, yaani imani kwamba mguu wa binadamu hauwezi kuanza jambo jipya siku ya Jumatano. Lingine ni ukiatu, ambalo humfanya mgonjwa aamini kwamba raba alizonazo haziruhusu mwendo, kwa hiyo azungukie mitumba wiki nzima, akitembea kilomita nyingi sana, akitafuta viatu vya kutembelea. Lililo baya kuliko yote ni ukikundi: watu sita hukubaliana kutembea pamoja, wakafungua kundi la WhatsApp, wakachagua mwenyekiti na mweka hazina, wakachanga fedha za fulana, wakagombana juu ya rangi ya fulana, na kundi likavunjika kabla ya mtu yeyote kugusa kitasa.

Tiba iliyogunduliwa ni Kanuni ya Kutoulizwa. Mtembezi asiulizwe, wala asijiulize, kama leo atatoka, kwa kuwa akili ikiulizwa swali saa 12 asubuhi hujibu kwa ufasaha wa kutisha, hasa katika miezi ya masika, udongo mwekundu unapoteleza na bati linapopiga ngoma. Nguo ziwekwe kitini tangu usiku, saa iwe ile ile, njia ya kuanzia iwe ile ile hata kama nyingine inapendeza zaidi, na siku ya mvua afike hata kwenye mwembe wa kwanza na kurudi, ili mguu usipate habari kwamba kuna siku za mapumziko. Mtu anaweza kusema kwamba haya yanajulikana hata na bibi yake. Bingwa anajibu kwamba bibi huyo hakuyachapisha.

Limebaki tatizo moja la kimbinu, linaloitwa katika fani hii Tatizo la Mama wa Peasi. Kila siku ya soko, katika njia zile zile za Irente, hupita wanawake wenye matenga ya peasi na kabichi kichwani, juu ya ngata, wamevaa kandambili, wakishuka alfajiri na kupanda mchana, masika na kiangazi, bila kifaa cha kuhesabia, bila kundi wala fulana. Mmoja wao alipomkuta Bingwa ameketi juu ya jiwe akiandika sura ya tatu, alimpa shikamoo na kumpa pole ya uchovu bila kusimama. Baada ya kutafakari kwa kina, Elimuhatua imeamua kuwaondoa wanawake hao katika takwimu zake, kwa kuwa wanaharibu wastani, na kwa kuwa, kwa mujibu wa fasili iliyotolewa mwanzoni, mtu anayetembea kwa sababu ana pa kwenda hawezi kuhesabiwa kuwa anatembea.

Sehemu ya vitendo ya mhadhara huu itafanyika Irente, Jumatatu ijayo, iwapo mvua haitanyesha; washiriki wote watachukuliwa na gari kutoka stendi, na wanaombwa kutaja mapema saizi zao za fulana.