Mkono wa Swahiba Wangu

Wanaume wa huku Liparamba tunashikana mikono. Sisemi kusalimiana, kusalimiana hata wa Dar es Salaam wanajua. Nasema mtu anaupokea mkono wako kwenye salamu halafu hauachii. Mnatoka naye gulioni, mnazungumza bei ya mahindi na wanyama waliotoka pori la akiba kuingia mashambani, mkono bado uko kwake. Ukitaka kujikuna, tumia wa pili. Mke ndiye asiyeshikwa mkono njiani. Yeye anakuja nyuma na mzigo, mume mbele na fimbo. Nikimshika mimi, kijiji kitasema nimelishwa limbwata, na mama watoto mwenyewe atauliza nimefanya kosa gani.

Sasa wakaja Mbamba Bay wageni wawili, wanaume wa kizungu wenye mvi, wakawa wanatembea ufukweni jioni wameshikana mikono. Wazee waliokaa kwenye mitumbwi wakawasifu. Wazungu wengine, kijana na binti, wakija wanabusiana mbele ya wakwe za watu. Hawa, bwana, wamelelewa. Tungewasifu mpaka leo kama si kijana mmoja mwenye simu janja kutueleza kwamba wale si swahiba na swahiba. Ni wanandoa.

Kimya. Mzee mmoja akauliza, sasa anapika nani?

"Wamefikia gesti, babu. Anapika mpishi."

Mikono ilikuwa ileile na mchanga uleule. Lakini swahiba wangu, niliyetembea naye hivyo tangu ujana, akauchomoa mkono wake na kuutia mfukoni. Hapo ndipo nilipokasirika, wala si kwa wale wageni. Wao walisalimia, walilipa, usiku hawakupiga muziki. Jirani yangu ana mke wa ndoa ya kanisani na mbuzi wake wamenimalizia mahindi.

Hofu hii ina historia. Oktoba 2018, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsia moja, akawataka wananchi wapeleke majina. Mwezi uliofuata serikali ikasema hayo ni mawazo yake mwenyewe, lakini wenye majirani wasioelewana nao walikwisha kusikia. Na sheria ipo: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Makosa ya namna hiyo aliyaandika Mwingereza katika kanuni aliyotuwekea Tanganyika mwaka 1930. Kwao alianza kuyafuta 1967, na siku hizi anawafungisha ndoa. Ametuachia kama nyumba kuukuu: yeye kahama, sisi tunapiga chokaa.

Kinachonichosha zaidi ni jiografia. Sisi tuko kwenye kona. Msumbiji ni hapo tu, watu wanavuka kwenda kumwona shemeji na kurudi. Wenzetu hao sheria yao ya namna hiyo iliisha 2015. Nimewauliza wanaotoka huko kama mihogo imegoma kuota. Wanasema tatizo ni tembo. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, Tiwonge Chimbalanga na Steven Monjeza walifanya sherehe ya uchumba Desemba 2009, na Mei 2010 wakahukumiwa miaka 14 kila mmoja. Rais Bingu wa Mutharika akawasamehe mwezi uleule, akisisitiza kwamba wamekosa. Kwa hiyo watu wawili walewale, upepo ukiwapeleka kusini, Msumbiji, wako salama, ukiwarudisha kaskazini kwetu, hawatoki gerezani mpaka wazeeke. Mvuvi wa dagaa naye ajifunze uwakili?

Mimi nimeshawazoea. Wapite wameshikana, wakae, wale samaki, wagombane kwa lugha yao. Ninachodai ni changu. Kwa kuogopa kufananishwa, swahiba wangu siku hizi hatembei sambamba nami. Ananitangulia hatua kadhaa, fimbo mkononi, hageuki nyuma. Juzi tumetoka gulioni hivyo, mimi nyuma nimebeba kikapu cha dagaa. Nikamwita.

"Mzee mwenzangu, hebu jiangalie ulivyo mbele, nami nilivyo huku nyuma na kikapu. Wewe unadhani wanaotuona sasa hivi wanasema sisi ni nani?"