Heshima kwa Maharage

Nataka kuyasifu maharage, na nitaanzia mahali ambapo hayatakiwi kabisa: mgahawa mmoja kilimani Naguru, uliojengwa ili mteja ajione yuko tropiki. Nia njema. Ila Kampala haifiki kilomita 40 kutoka Ikweta, kwa hiyo tropiki huingia pale bila mwaliko, kupitia dirishani, pamoja na mbu. Minazi ya plastiki imesimama kila pembe, nazi zake zimening'inia mita 1,200 hivi juu ya bahari, wala jikoni hakuna tone la tui. Ukutani wamechorwa kasuku wa rangi zote za Brazil. Kasuku wetu wa kijivu, anayepiga kelele bure pale Entebbe, hakupewa hata kona.

Nilifanya kosa la kumwambia mhudumu, binti aliyekulia Busia na mwenye Kiswahili kinyoofu, kwamba ninakula mboga tu.

"Mboga ziko, ssebo. Kuna kuku, kuna mbuzi, kuna nguruwe na nanasi."

Hakukosea. Hata kwetu Tanga mboga ni chochote kinachoteremsha ugali, na siku ya sikukuu mboga huwa na pembe. Nikajieleza upya: sili nyama. Akapendekeza samaki. Nikasema hata samaki. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyetoka hospitali ya hapo chini kabla ya kuruhusiwa.

"Basi chipsi," nikasema.

"Zinakaangwa mafuta ya kuku."

Mungu ambariki kwa ukweli wake. Akaenda jikoni, akarudi, akainama sikioni kwangu kama anayetoa siri ya serikali: "Kuna maharage. Lakini ni ya wafanyakazi."

Yalikuwa nyuma, juu ya sigiri, yanatokota tangu asubuhi. Aina ya nambale, yale makubwa yenye madoa, yamepasuka ngozi na kutoa rojo nzito ya rangi ya tofali. Kitunguu kilishayeyuka, nyanya imebaki ganda tu. Yakaletwa na bonge la posho kwenye sahani yenye umbo la nanasi, maana sahani nyingine hawakuwa nayo.

Sasa mnipe nafasi. Wanayashutumu kwamba yanachelewa kuiva na yanamaliza makaa. Ni kweli, lakini ni chakula gani kingine kinachomfundisha mwenye haraka kukaa chini? Na ole wake anayeyaepua mapema: yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu, na mlaji atatapika. Simba naye huheshimiwa kwa sababu hiyohiyo. Wanayashutumu kwa upepo. Zimo ndani yake sukari ambazo tumbo letu halina namna ya kuzivunja. Zinapita nzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanafanya karamu. Kwa hiyo maharage humlisha mtu, kisha huwalisha wapangaji wake. Nguruwe wa nanasi hajawahi kumfikiria mtu zaidi ya yule aliyelipa.

Shutuma moja tu sina jibu lake. Waliosoma bweni wanayakumbuka maharage ya shule yaliyokuja na fukusi wake, wanaelea juu ya mchuzi kama abiria. Kwa mla nyama huyo ni nyongeza. Kwangu mimi ni kesi, na mpaka leo haijaamuliwa.

Wala msiniambie maharage ni wageni. Wametoka Amerika, ndiyo, kama wale kasuku wa ukutani, walivuka bahari zama za Wareno; lakini maharage walifanya kazi. Neno posho lenyewe ni mgao wa chakula cha kibarua, na mgao huo ulikuwa unga wa mahindi. Waganda wakalifanya jina la ugali. (Sisi Watanzania tumelipeleka Dodoma, ambako halipikwi bali husainiwa.) Maharage yalikaa pembeni ya huo unga miaka yote, hayakudai cheo. Chini ya kilima hikihiki zilikuwepo nyumba za wafanyakazi zilizojengwa wakati wa Mwingereza, zikabomolewa mwaka 2011, na sitaki kuhesabu ni sufuria ngapi za maharage zilihamishwa zingali za moto. Idi Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972 alisahau chapati. Maharage yakaikaribisha, ikakatwakatwa ndani yake, leo inaitwa kikomando, na inasemekana jina limetoka kwenye filamu ya Arnold Schwarzenegger. Mtu yule na misuli yake yote, katika Kampala amebaki kuwa mchuzi.

Nilimaliza sahani, nikapangusa nanasi hadi likang'aa. Wapishi walikuwa wamejikusanya mlangoni kumtazama mteja anayekula chakula chao kwa hiari.

Taabu ikaja kwenye bili. Mashine ya keshia haikuwa na maharage. Binti wa Busia na keshia wakashauriana kwa Kiganda, kidole kikashuka orodha nzima kutafuta kitu cha bei ya chini kuliko vyote, kikabonyeza. Risiti ninayo mpaka leo ndani ya pochi: *Mulokoni, 1*. Yaani supu ya kwato za ng'ombe.